Mpango wa Kando Ambao Haukuwahi Kuwepo

Kuna neno moja ambalo wapenzi wa filamu za kale za Hollywood hulitumia kila wanapotaka kusamehe watu wote kwa mpigo: kutoelewana. Ati kijana alidhani msichana ni tajiri, msichana alidhani kijana ni maskini, mwenye hoteli akadhani hivi, gazeti likadhani vile, milango ikafungwa ikafunguliwa, na baada ya dakika tisini wote wakaelewana wakaoana. Bahati mbaya tu. Hakuna mwenye kosa. Tucheke, twende tulale.

Mimi nakataa. Nimeitazama Easy Living ya mwaka 1937 mara tatu sasa, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kila nikiitazama naona kitu kile kile: kwenye filamu hii hakuna mtu aliyemdhania Mary Smith kwa bahati mbaya. Kila aliyemdhania alipata kitu. Wengine walipata pesa, wengine walipata ile raha ya kujiona wasafi kuliko mwenzao. Na kwa kuwa faida ilikuwa tamu, hakuna aliyetaka kusikia jibu la kweli. Ukiita hiyo kutoelewana, unawalinda watu ambao walielewa vizuri sana walichokuwa wakifanya.

Kwa ambaye hajaiona, acha nisimulie haraka. Tuko New York, enzi za Mdororo Mkuu wa Uchumi. J.B. Ball, mwenye benki ambaye jina lake la utani ni Fahali wa Broad Street, anagombana na mkewe kuhusu koti la manyoya la dola 58,000. Wanafukuzana hadi juu ya paa la nyumba, na Ball, kwa hasira, analitupa koti chini. Barabarani, Fifth Avenue, linapita basi la ghorofa lililo wazi juu, na kwenye basi ameketi Mary Smith, mfanyakazi wa kawaida wa ofisi, anaelekea kazini. Koti linamwangukia kichwani na kumharibia unyoya wa kofia. Anageuka nyuma kwa ukali, aulize ni nani huyo mwenye mchezo. Abiria aliyeketi nyuma yake, mwanamume mwenye kilemba, anamjibu kwa neno moja tu, neno ambalo hata sisi tunalo kwenye Kiswahili chetu: kismati.

Mary anashuka kwenye basi kulirudisha koti. Ball anamwambia abaki nalo. Anampa lifti, na njiani wanabishana hesabu za riba kama watu wawili waliokutana kwenye foleni. Anamnunulia kofia mpya badala ya ile iliyoharibika. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote ya Mary na Ball. Hakuna kilichozidi hapo, na filamu inahakikisha tumeona kila dakika ya urafiki huo ili tusije tukawa na shaka.

Mitchell Leisen ndiye aliyeongoza, Preston Sturges akaandika mswada kutokana na hadithi ya Vera Caspary. Jean Arthur ni Mary, Edward Arnold ni Ball, na Ray Milland ni John, mtoto wa Ball. Ni filamu ya kuchekesha kwelikweli. Sisemi hivyo kwa heshima ya uzee wake, nasema kwa sababu nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Lakini kucheka hakunizuii kuhesabu. Na hesabu yangu inaanzia hapo kwenye kilemba. Koti kuanguka kutoka mbinguni, sawa, hiyo ni kismati. Yote yaliyofuata ni kazi ya mikono ya watu.

Tazama yaliyofuata. Mary anafika kazini akiwa na koti lake na kofia yake. Anafanya kazi kwenye jarida la wavulana liitwalo The Boy's Constant Companion, mahali ambapo maadili mema ndiyo bidhaa. Wakubwa wake wanaliangalia koti, wanamwangalia yeye, na maelezo yake hayana nafasi. Msichana wa mshahara wake hawezi kuwa na koti la namna hiyo, kwa hiyo lazima kuna mwanamume, na kama kuna mwanamume basi jarida la wavulana haliwezi kuwa naye. Anafutwa kazi. Anarudi chumbani kwake bila mshahara, na mwishowe inabidi avunje kibubu chake cha umbo la nguruwe kutafuta vijisenti vya kodi.

Upande wa pili wa mji kuna Louis Louis, mpishi aliyejenga hoteli kubwa kuliko mfuko wake. Hoteli haina wageni, na deni lake liko kwa nani? Kwa J.B. Ball. Inakaribia kuchukuliwa. Sasa yule muuza kofia, Van Buren, ambaye alimwona Ball akimnunulia msichana kofia, ameshapeleka umbea. Louis akisikia, moyo unamruka. Ball hawezi kuifunga hoteli ambayo kipenzi chake analala! Anamtafuta Mary, anampa vyumba vya kifahari kuliko vyote, vyumba ambavyo mfalme angepotea ndani yake, kwa dola 7 kwa wiki pamoja na kifungua kinywa.

Koti ni moja. Mwanamke ni mmoja. Ushahidi ni ule ule, na hata hitimisho ni lile lile: huyu ni mpango wa kando wa Ball. Ofisi moja inamfukuza kwa sababu hiyo, hoteli moja inamvisha taji kwa sababu hiyo hiyo. Hapo ndipo ile nadharia ya kutoelewana inapovunjika. Kama tatizo lingekuwa habari potofu, basi watu wote wenye habari hiyo potofu wangefanya kitu kimoja. Hawakufanya. Kila mmoja aliichukua dhana ile akaitumia mahali ambapo ingemlipa. Jarida lililipwa kwa jina zuri. Louis alilipwa kwa matumaini ya kuokoa hoteli. Koti lilikuwa kisingizio tu.

Ukitaka kuelewa dhana hiyo inavyofanya kazi, ifikirie kama dhamana ya mkopo. Mary hana senti, lakini mji mzima unamkopesha. Wauza vito wanakuja, wauza magari wanakuja, wauza nguo wanakuja, kila mmoja anaacha mali yake kwake akiwa na tabasamu. Hawampendi Mary, wala hawamheshimu. Wanachokopesha ni jina la Ball, na mwili wa Mary ndio hati ya dhamana. Mwandishi wa safu ya udaku akichapisha kwamba Ball na mwanamke wake wako kwenye hoteli ya Louis, hoteli iliyokuwa mahame jana inajaa usiku mmoja. Watu wenye pesa wanataka kulala karibu na kashfa. Kila mtu kwenye mnyororo huo, muuza kofia, mwenye hoteli, sonara, mwandishi, ana sababu nzuri kabisa ya kutomuuliza Mary swali moja la moja kwa moja, kwa sababu swali hilo lingeua biashara.

Na ni swali la maneno machache tu. Je, wewe na Ball ni wapenzi? Badala yake wanakonyezana. Wanasema "unajua" na "unaelewa" na "yule bwana wetu". Mary anajibu kwa ukweli kila mara, na kila jibu lake linachukuliwa kuwa werevu wa mwanamke anayejua kuficha. Huo ndio mtego wenyewe. Akikataa, anaficha. Akinyamaza, amekiri. Akishangaa, anaigiza. Sijui kama kuna njia ya mwanamke kutoka kwenye mtego huo kwa kusema maneno, na filamu haijui pia, ndiyo maana inamtoa kwa njia nyingine ambayo nitaifikia.

Wataalamu wa filamu watanikumbusha hapa kuhusu sheria. Ni kweli. Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili, zilizoandikwa mwaka 1930 na kuanza kutekelezwa kwa ukali katikati ya 1934, na filamu bila cheti cha ofisi ya Joseph Breen ilikuwa na shida kubwa ya kuonyeshwa. Mwandishi wa 1937 hakuweza kuwatia wahusika wake maneno ya waziwazi kuhusu kimada. Ilibidi watu wakonyezane. Watu husema kanuni hizo ndizo zilizozaa utani mtamu wa mafumbo, na nakubali utani ni mtamu. Ila mimi naona Sturges alipata zaidi ya utani. Kanuni ilimkataza kulitaja jambo, na akagundua kwamba jamii nayo hailitaji, na kwamba kutolitaja ndiko kunakoliendesha. Ukilitaja, lazima ulithibitishe. Ukilikonyeza, unaweza kuliuza.

Sasa wacha nije nyumbani, kwa sababu siandiki kuhusu New York kwa kuipenda New York.

Kwetu Kenya tuna neno sponsa. Hata nyanya yangu analijua. Neno hili lilianza kama jina la mwanamume mzee mwenye pesa anayemlea msichana, lakini siku hizi limekuwa maelezo ya kila kitu ambacho mwanamke wa umri wangu anaweza kuwa nacho. Simu nzuri, sponsa. Nyumba yenye balkoni, sponsa. Umeenda Diani wikendi, sponsa. Hakuna mtu anayemwona kijana wa kiume na gari akauliza ni mama gani alimnunulia. Yeye anaambiwa anahaso. Mimi sisemi masponsa hawapo. Wapo, na wengine wanawadhulumu wasichana wadogo, na hilo ni suala lake zito. Nasema kwamba neno hilo limegeuka kuwa kifaa cha kufutia kazi ya wanawake wote wengine.

Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu karo ilikwisha. Hakuna fumbo hapo, ni hesabu. Lakini kijijini majibu yalitangulia maswali: ana mimba. Mimba ilipokosa kuonekana, wakasema imetolewa. Wakati huo mimi nilikuwa kwenye keja ya chumba kimoja, nikiandika maelezo ya vitanda vya mbwa kwa mteja wa ng'ambo ambaye sijawahi kumwona uso, hadi saa tisa usiku, kwa senti chache kwa kila neno. Baada ya miezi kumi na moja ya vitanda vya mbwa nilinunua laptopu, ya mtumba lakini safi, na friji ndogo. Friji ilipopandishwa ngazi, ploti nzima ilikuwa mlangoni.

Msimamizi wa ploti, yule tunayemwita keateka, ni mtu ambaye kodi ikichelewa hadi tarehe sita alikuwa akinifungia mlango kwa kufuli lake. Mwezi ule wa friji nilichelewa hadi tarehe kumi na mbili. Nikamwendea kumweleza kwamba malipo yangu yamekwama. Akanikatiza kwa tabasamu. "Madam, usijali. Najua mzee atatuma. Akituma utanipea."

Mzee gani? Nilimwambia hakuna mzee, kuna mteja, na anachelewa kulipa. Akacheka, akaniambia sawa, mteja ni mteja. Kuanzia siku hiyo bomba langu likaanza kutengenezwa siku ile ile linapovuja. Wiki hiyo hiyo shangazi yangu akampigia mama simu kumweleza kwamba watu wameniona Nairobi na vitu, na kwamba anisemeshe kabla sijaleta aibu nyumbani. Friji ni moja. Huku nimepewa umadamu, kule nimepewa aibu. Na pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja, kwamba haiwezekani niwe nimeinunua mwenyewe.

Ndiyo maana Louis Louis alinichekesha na kunikera kwa wakati mmoja. Namjua huyu mtu. Keateka wangu si mbaya, naye ana landilodi wa kumkaba shingo, kama Louis alivyo na Ball. Maskini anayemwinamia maskini mwenzake kwa kudhani yuko karibu na tajiri. Heshima ile haikuwa yangu hata siku moja. Ilikuwa inapita kwangu ikielekea kwa mzee ambaye hayupo.

Turudi kwenye filamu, maana kuna sehemu inayosema jambo hili vizuri kuliko mimi. Mary, akiwa amehamia kwenye vyumba vya kifahari, ana njaa. Vyumba vina kila kitu isipokuwa chakula. Anaingia kwenye Automat akiwa na koti la dola 58,000 na sarafu mbili tatu tu mfukoni. Automat zilikuwa mikahawa ya kweli, za kampuni ya Horn & Hardart, zilizoanza Philadelphia mwaka 1902 na New York mwaka 1912: ukuta mzima una vijimlango vya kioo, nyuma ya kila kimoja kuna chakula, unatia sarafu, kijimlango kinafunguka. Humo anafanya kazi John, mtoto wa Ball, aliyemtoroka baba yake ili athibitishe kwamba anaweza kujitegemea. John anamwona msichana mwenye koti la kitajiri anayekitazama chakula kwa macho ya njaa, na anampa chakula cha bure kisirisiri. Askari wa mkahawa anamkamata, ngumi zinaanza, na katika vurugu vijimlango vyote vinafunguka kwa pamoja.

Halafu watu wanavamia. Sahani zinaruka, supu inamwagika, wazee kwa vijana wanabeba kila kinachobebeka, na wengine wanakimbilia ndani kutoka barabarani. Inachekesha sana, ni fujo tupu. Lakini angalia vizuri ni akina nani wanaokimbia. Ni mji wenye njaa. Kwa dakika chache filamu inaacha kukonyeza na inatuonyesha kile ambacho makoti na vito vyote vinafunika. Na katikati ya fujo ile Mary ameketi, anakula. Koti limemfanya aonekane mtu asiyehitaji chakula, na hiyo nayo ni dhuluma, ambayo haitajwi mara nyingi: watu wakishaamua kwamba una mtu wa kukulipia, njaa yako haionekani tena. Jaribu kuwaambia watu wanaodhani una sponsa kwamba hujala tangu jana.

Kuna jambo la pili ambalo filamu inalisema waziwazi, nalo linahusu maneno. Dalali mmoja wa hisa anamwendea Mary kuuliza "bwana" anaonaje bei ya chuma cha pua. Mary hajui chuma kinauzwaje. Anamuuliza John, na John kwa mzaha anasema kitashuka. Mary anaupeleka mzaha ule kwa dalali. Siku inayofuata soko zima linauza chuma. Wanaume waliosoma, wenye ofisi na mahesabu, wanakimbizana kuuza kwa sababu msichana alisema. Ball, ambaye anaendelea kununua, nusura afilisike. Na anaokolewa vipi? Mary anamwambia dalali yule yule kwamba Ball ameshika soko lote la chuma. Bei inapanda tena.

Kumbuka huyu ni mwanamke ambaye saa chache kabla hakuweza kuwashawishi wakubwa wake kwamba koti lilimwangukia. Akisema ukweli kuhusu maisha yake mwenyewe, uongo. Akipitisha mzaha kuhusu kitu asichokijua, soko linatetemeka. Tofauti ni kwamba mara ya pili walidhani ni sauti ya mwanamume inayopitia kinywani mwake. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Nimeona makala yangu ikikataliwa kwa jina langu, na mawazo yale yale yakisifiwa baada ya mwanamume fulani kuyarudia kwenye kikao. Sturges aliandika kichekesho. Mimi nikikitazama nasikia taarifa ya habari.

Sasa, wanaomtetea Mary. Hawa ndio wanaonichosha zaidi, kwa sababu nia yao ni nzuri. Wao husema: lakini alikuwa msafi! Hakufanya lolote! Utetezi huu ndio ambao filamu yenyewe inautegemea. Tunamcheka Louis na kumchukia mkuu wa jarida kwa sababu sisi tuliona na wao hawakuona. Sawa. Ila jiulize, je, kama angekuwa amefanya? Kama Mary angekuwa kweli mpango wa kando wa Ball, kufutwa kwake kazi kungekuwa halali? Utetezi wa usafi unakubali mahakama ile ile, unabishana tu kuhusu hukumu. Unasema: mna haki ya kumkagua mwanamke kupitia koti lake, ila safari hii mmekosea namba. Kesho wakimkagua mwingine ambaye si msafi kama Mary, huna la kusema, umeshawapa ufunguo.

Na mwanamume je? Ball ndiye anayedhaniwa kuwa na kimada. Benki yake haikumfukuza. Kofia zake hazikupunguzwa bei wala kuongezwa. Kashfa inamwongezea umaarufu na inamwachia mkewe kazi ya kununa. John naye anaishi ndani ya dhana: Mary anadhani ni mfanyakazi maskini wa mkahawa, na yeye hamwambii baba yake ni nani. Lakini dhana ya John ni likizo. Siku anayoichoka anarudi nyumbani kwa Fahali wa Broad Street. Dhana ya Mary haina mlango wa nyuma. Watu wanaosema kila mtu kwenye filamu amedhaniwa vibaya, kwa hiyo tumetoshana, hawajaangalia nani analipa bili.

Basi tufike mwisho. Mambo yote yanafumuka, Ball anaokoka, anamfurahia mwanawe na kumpa kazi. John anapata kazi! Ni sawa kabisa, kijana alikuwa anatafuta kazi. Lakini kuna mtu mwingine kwenye filamu hii ambaye anatafuta kazi tangu mwanzo, mtu ambaye alikuwa na kazi akafutwa bila kosa, ambaye kila siku ya hadithi anahesabu senti na kuwaza ataajiriwa wapi. John anamgeukia Mary na kumwambia kwamba naye amempatia kazi. Kazi gani? Ya kumpikia kifungua kinywa.

Watu hupiga makofi hapo. Ni posa, ni tamu, Jean Arthur ana uso ambao ungeufurahia hata ukikusomea bili ya stima. Lakini tusikie kilichosemwa. Jarida halijaomba msamaha. Hakuna mtu aliyemrudishia Mary kiti chake. Kilichomwokoa si kuaminiwa. Amesafishwa kwa kuingizwa kihalali kwenye familia ambayo alishutumiwa kuingia kwa mlango wa nyuma. Mji ulisema kwamba mali yake inatoka kwa Ball. Filamu ikajibu kwa kumpa mali ya Ball na cheti cha ndoa juu yake. Louis Louis akitazama mwisho huo anaweza kusema kwa haki kabisa: si niliwaambia?

Hii haimaanishi tuitupe. Mimi siko kwenye kundi la kutupa filamu za zamani kwa sababu zina ukuku wa mambo ya zamani. Easy Living ni bora kuliko vichekesho vingi vya mapenzi vya siku hizi ambavyo hutegemea simu isiyopokelewa na mbio za kuelekea uwanja wa ndege. Angalau hii inajua kwamba kudhaniana kuna bei na kuna soko, na kwa saa moja na zaidi inatuonyesha soko hilo kwa ujasiri ambao sijauona mahali pengine. Inachoogopa ni kufunga hesabu. Imemaliza kuonyesha mji mzima unavyokula kupitia mgongo wa msichana mmoja, halafu inamwoza ili tusimdai mtu yeyote chochote.

Mimi nataka tudai. Nataka mkuu wa jarida aulizwe. Nataka muuza kofia aulizwe alipata kiasi gani kwa umbea ule. Na hapa kwetu, nataka kila anayetaja neno sponsa mbele ya mwanamke ambaye hamjui aulizwe anapata nini kwa kulitaja: anapata kisingizio cha kutomlipa? Anapata sababu ya kutomwajiri? Au anapata tu usingizi mzuri, akijua kwamba yule msichana wa nyumba ya juu hakufanya kazi kumshinda?

Keateka wangu bado anaamini katika mzee. Mwezi uliopita alinisalimia akauliza kama mzee anaendelea vizuri. Nilimjibu kwamba mzee anaandika kuhusu mapazia siku hizi, vitanda vya mbwa vimeisha. Alicheka sana. Kisha akauliza mapazia yanalipa pesa ngapi, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale alisimama kusikiliza jibu.